Kamba Arobaini za Mama Zaina

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliposimama mbele ya kioo cha mama yangu na utepe wa kupimia shingoni kama mkufu wa dhahabu, nikajiambia, "Leo mtaa wa Mangobo utajua fundi amefika." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Fundi, mimi! Hata shati la mteja mmoja sikuwa nimewahi kulishona. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza ya staji. Wewe unayeanza yako Jumatatu unajua maana yake: mwaka wa mwisho wa shule, sehemu ya kukata na kushona, wanakutuma wiki sita kwa fundi wa mjini ukaone kazi nje ya ubao. Siku hizi mnachora nguo kwenye simu, na simu inawapigia hesabu. Sisi tulikuwa na rula, penseli na karatasi za mifuko ya saruji, na juu ya karatasi hizo tulichora patroni, yaani vipande vyote vya nguo, kabla mkasi haujagusa kitambaa. Na kwa patroni, sijisifu bure, nilikuwa wa kwanza darasani. Ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Shule ilinipeleka kwa Papa Ramazani. Alikuwa mzee Mwislamu wa zile familia za zamani za Kisangani. Baba yake alishona kanzu, babu yake alishona kanzu. Yeye aliongeza nguo za akina mama kwa sababu, alisema, "Mwanaume ananunua kanzu moja, anaivaa mupaka kanzu yenyewe inaomba ruhusa ya kufa." Atelie yake ilikuwa chumba kimoja chenye mashine mbili za kukanyaga, benchi mlangoni, na pazia la kitenge lililokata chumba katikati. Nyuma ya pazia alikaa mke wake, Mama Zaina.

Sasa nisikilize vizuri, maana kisa chote kimefungwa hapa. Papa Ramazani hakumpima mwanamke hata mmoja. Kwake ilikuwa adabu. Mteja aliingia nyuma ya pazia, Mama Zaina akampima kwa kamba ya katani, akafunga fundo kwa kifua, fundo kwa kiuno, fundo kwa nyonga, fundo kwa urefu, kisha akafunga kipande kidogo cha kitambaa cha mteja mwishoni ili ajue kamba ni ya nani. Hakujua kusoma wala kuandika. Kamba alimpa mumewe, mumewe akaitandika juu ya kitambaa, akakata. Hakuna namba iliyotajwa. Akina mama wa benchini hawakusikia kiuno cha mwenzao ni kiasi gani, na kwa hiyo walirudi miaka nenda miaka rudi. Kamba zilining'inia ukutani kwenye misumari, kama arobaini hivi, na kila moja ilikuwa mwanamke mmoja wa Mangobo.

Mimi nikaziangalia, nikashika mdomo nisicheke. Kamba! Shuleni tulikuwa tunaandika hadi nusu sentimita. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikamwambia Papa Ramazani kwamba kamba ya katani inanyumbuka, kwa hiyo kipimo chake si cha kuaminika. Akanitazama juu ya miwani.

"Bon. Na wewe, Madame Santimetre, ile kipimo yako inaaminika tangu lini?"

"Tangu shuleni, papa."

"Ah, tangu shuleni! Zaina, unasikia? Tumepona."

Kutoka siku ile jina langu likawa Madame Santimetre, kwa ule utepe wangu wa shingoni. Hata muuza mikate wa jirani aliniita hivyo. Nami nilivimba, nikafikiri ni sifa. Kijana akipenda kujiona, hata matusi anayavaa kama nishani.

Wiki ya pili binti yao aliyeolewa Basoko akajifungua mtoto wake wa kwanza. Wazee wakafunga mizigo siku ya Jumamosi wapande boti waende kumwona mjukuu, warudi Alhamisi. Nguo moja tu ilikuwa ya haraka: nguo ya Mama Feza. Huyu Mama Feza aliuza lituma sokoni, zile ndizi za kuchemsha na kutwanga, na binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi inayofuata. Papa Ramazani alisema atakata Alhamisi na kushona Ijumaa, hana wasiwasi. Akanipa ufunguo.

"Beatrisi, sikia muzuri. Piga pasi, pindia zile nguo tatu, pokea watu. Mukasi usiguse. Hata mutu akulilie, mukasi usiguse."

"Ndiyo, papa."

Kuhusu kamba hakusema neno. Nani angefikiri kwamba kamba zinahitaji kulindwa?

Nilimaliza zile nguo tatu kesho yake, Jumapili, baada ya misa. Jumatatu nikakaa. Nikaangalia ukuta. Mwanangu, mkono usio na kazi una akili zake. Nikajiambia, nitawaandalia wazee zawadi. Nikatoa daftari jipya, nikatelemsha kamba moja moja, nikapima kutoka fundo hadi fundo, nikabandika kipande chake cha kitambaa, nikaandika namba kwa mwandiko mzuri. Wateja wote arobaini! Kisha nikaanza kuwachorea patroni kwenye karatasi za saruji, nikazikunja, nikatafuta cha kuzifungia. Nikaona kamba zenyewe zinafaa, ila mafundo yalizuia zisikaze. Basi nikayafungua. Mafundo yote. Mengine kwa meno, maana yalikuwa yamekauka.

Katika kuzipima, kabla ya kufungua, nilikuwa nimefika kwenye kamba ya Mama Feza. Chini kabisa, mahali pa urefu, palikuwa na mafundo mawili, moja karibu na jingine, kama upana wa vidole viwili. Nikatabasamu. Macho ya bibi, nikasema, yamekosea, akafunga tena na kusahau kufungua la kwanza. Nikachagua la juu, kwa kuwa nguo fupi kidogo ilikuwa ndiyo mtindo. Nikaandika namba moja.

Ungefikiri niliishia hapo. Lakini kitambaa chake kilikuwa pale mezani, kile cha familia nzima ya bibi harusi, cha bluu chenye majani ya njano, na patroni yangu ilikuwa nzuri mno kulala bure kwenye karatasi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikashika mkasi. Nikakata, nikashona siku mbili bila kuinua kichwa, na kilichobaki nikakitumia kumpambia maua makubwa ya kujikunja kifuani, safu tatu, kutoka kichwani mwangu. Hayakuombwa na mtu. Sikubakiza hata kipande cha kufunga kidole.

Jumatano Mama Feza alipita kuuliza kama wazee wamefika. Nikamwambia, "Mama, nguo iko tayari!" Akapiga vigelegele palepale mlangoni. Ulipaswa kumwona huyu mama. Mangobo nzima ilimjua kwa mwendo wake: alitembea polepole, kiuno kikipanda na kushuka, na watu walisema, "Ona Mama Feza na madaha yake." Akaingia nyuma ya pazia, akavaa, akatoka nje barabarani ajionyeshe kwa akina mama wa benchini.

Mmoja wao akamkazia macho chini.

"Mama Feza, muguu iko nini? Umeumia?"

Mwingine akainama kutazama. "Kweli! Unachechemea tangu lini?"

Upindo wa nguo ulikuwa umepanda upande wa kushoto na kushuka upande wa kulia, na kwa kila hatua aliyopiga ulilipigia kelele jambo ambalo sikuwa nalijua. Mama Feza akajitazama. Uso wake, ule uliokuwa unacheka, ukajifunga. Akarudi ndani, akavua, akaikunja nguo vizuri, akaiweka mezani, akaondoka bila kunitukana. Afadhali angenitukana. Nilibaki nimesimama na utepe wangu shingoni, na kwa mara ya kwanza niliona unanikaba.

Alhamisi wazee wakateremka botini na samaki wa kukaushwa na habari za mjukuu. Mama Zaina aliingia akiimba. Akaona ukuta mtupu, wimbo ukakatika.

"Kamba zangu ziko wapi?"

Nikamwonyesha mabunda ya karatasi. Akachukua moja, akapitisha kamba vidoleni polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta. Ilikuwa laini.

"Mafundo iko wapi, mutoto?"

"Nimeyaandika, mama. Yote yako ndani ya daftari."

"Nisomee ya Mama Feza."

Nikasoma kifua, kiuno, nyonga, urefu. Sauti yangu ilikuwa inapungua kwa kila neno.

"Urefu moja?"

"Kulikuwa mafundo mawili, mama. Nikafikiri..."

"Ukafikiri nilikosea."

Papa Ramazani alikuwa ameshaona nguo mezani. Huyu mzee wa mizaha alipandisha sauti hadi muuza mikate akachungulia. Leo leo anaandikia shule, alisema, leo leo, donc, yaani basi, nichukue rula yangu niende. Mama Zaina akamnyamazisha kwa kiganja.

"Hapana. Ukimufukuza, kesho atakata nguo ya mutu mwingine vile vile. Acha abakie, atengeneze."

Kisha akanivuta nyuma ya pazia, akanisemea sikioni ingawa hakukuwa na mteja. Mguu mmoja wa Mama Feza ulikuwa mfupi kuliko mwingine, kwa ugonjwa wa utotoni. Tangu Mama Feza alipokuwa msichana, Mama Zaina alimfungia mafundo mawili, moja la kila upande, na Papa Ramazani akamkatia nguo ndefu zaidi upande mmoja. Akiivaa, upindo unakaa sawa na ardhi, na jicho la mtu halipati pa kushika. Mwendo wake watu wakauita madaha. Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu, na kata yenyewe ilikuwa hii kamba ya katani niliyoifungua kwa meno.

"Ungeniuliza," alisema. "Ni kuuliza tu."

Nililia, sikufichi. Si kwa sababu ya shule. Nililia kwa kuwa Jumamosi yule mama angesimama mbele ya wakwe wa binti yake, na mimi ndiye niliyemvua nguo barabarani akiwa amevaa.

Mama Zaina aliniwekea kamba mpya mkononi, akaniambia nimfuate Mama Feza nyumbani, peke yangu, niseme kwa kinywa changu. Nikapanda toleka, ile baiskeli ya abiria, na nakuapia sijawahi kuona baiskeli inakimbia hivyo siku ambayo nataka ichelewe.

Nilimkuta anamenya ndizi uani. Nikapiga magoti kwenye maganda. Nikamwambia yote: mkasi niliokatazwa, mafundo, namba moja, kiburi. Alimenya ndizi mbili nzima.

"Muguu hii siionei haya," akasema hatimaye. "Imenitembeza, imenizalisha, inanipeleka soko kila siku. Lakini siku ile nataka watu waangalie mutoto yangu. Hapana muguu yangu. Unaelewa?"

"Naelewa, mama."

"Na zile maua kubwa kubwa za kifua, ni mimi nilikuomba?"

"Hapana, mama."

"Nilifanana na mutu amebeba kabichi."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka katikati ya machozi, naye akacheka, na ndani ya kile kicheko ndipo akili yangu ilipofunguka. Kitambaa cha kurefushia kilikuwepo! Kilikuwa kimekaa kifuani pa ile nguo kikijisifu. Nikamwomba tuingie ndani, tukafunga mlango, nikampima kwa kamba kama nilivyoona ikifanywa, upande wa kulia fundo, upande wa kushoto fundo. Vidole viwili kamili. Bibi hakuwa amekosea hata kwa unene wa uzi.

Ijumaa nzima nilifumua maua yangu, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kweli, zangu ziliishia kwenye ukingo wa nguo: niliunganisha vile vipande vikawa mkanda mmoja wa kuzunguka upindo wote, mpana upande wa kushoto, ukipungua taratibu hadi kuwa mwembamba upande wa kulia. Hapo hesabu za shule zilinisaidia, nisiwe mwongo. Kuupunguza mkanda bila kuuvunja mstari, hilo hata Papa Ramazani alikuja kulitazama mara mbili, mikono mgongoni, akajifanya anatafuta sindano.

Jumamosi nilisimama mbali, upande wa pili wa barabara. Mama Feza akatoka na nguo yake ya bluu, upindo umelala sawa kama maji kwenye beseni. Akatembea hadi kwa wakwe, akawasalimu mmoja mmoja. Ngoma ilipopigwa akaingia kucheza katikati ya uwanja, kiuno juu, kiuno chini, na mwanamke aliyekuwa karibu nami akamgusa mwenzake, "Mutazame na madaha yake! Binti atamufuata huyu, utaona." Kisha wote wakageuka kumtazama bibi harusi. Hakuna aliyeangalia chini. Nilifurahi, mwanangu, furaha ambayo sikuipata hata siku nilipopewa diploma.

Adhabu yangu ilibaki. Wiki zote za staji zilizosalia nilizunguka Mangobo nyumba kwa nyumba na rundo la kamba, nikawapima upya wale wateja wengine wote, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Nikaambiwa mambo ambayo nitazikwa nayo. Huyu bega moja limeshuka kwa kubeba kuni tangu utoto, huyu ana kovu la upasuaji na hataki kitambaa kimbane, huyu anataka kiuno cha miaka ishirini iliyopita na ni lazima umdanganye kidogo kwa heshima. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa ndani ya daftari langu zuri.

Siku ya mwisho Papa Ramazani alijaza karatasi ya shule. Palikuwa na mstari mmoja: mwanafunzi amejifunza nini? Akafikiri sana, akalamba ncha ya kalamu, akaandika maneno mawili tu. Shuleni mwalimu aliyasoma kwa sauti, darasa likacheka, kisha yeye mwenyewe akanipa alama nzuri. Yalisema: "Anauliza sasa."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, sitaizungusha. Jumatatu utaingia kwenye atelie ya watu na simu yako na akili zako, na utaona mambo yatakayokuchekesha. Utaona mzee anapima kwa kiganja, anakata bila kuchora, anaacha kitambaa mahali ambapo kitabu kinasema kata. Usicheke, na usirekebishe. Uliza kwanza: "Papa, mbona hivi?" Pengine ni kosa kweli, wazee nao hukosea, nami nakosea kila wiki. Lakini pengine ndani ya kile unachokiita kosa amekaa mtu mzima, na maisha yake, na jambo asilotaka barabara ilijue. Kuuliza si ujinga. Mimi niliona haya kuuliza neno moja, nikamtia haya mtu mwingine hadharani.

Na ukikosea, maana utakosea, usijifiche nyuma ya mashine. Nenda kwa uliyemkosea kwa miguu yako, sema kwa kinywa chako, kisha ukae utengeneze. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na lile unalolijua, usilidharau pia. Elimu ya shule ni nzuri, ila iache ikae chini kwanza, isikilize, ndipo isimame ifanye kazi.

Haya, nipe mikono yako. Mungu aibariki mikono hii, vidole visichomwe sana na sindano, macho yasichoke mapema. Akupe bwana wa kazi mkali mwenye mke mpole, au kinyume chake, mmoja akufokee na mwingine akubakishe. Nguo utakazoshona zivaliwe kwenye harusi kuliko kwenye matanga. Na kila atakayevaa kazi yako atoke mlangoni, acheze, ale, acheke na watu wake, asikumbuke hata mara moja kwamba amevaa nguo.